Siku Tuliyopanga Diski ya Chebet

Cherono, andika kama ninavyosema, wala usinipambie. Watakaosoma ni vijana wenzako, nao wamepambiwa vya kutosha.

Nyinyi mnaobonyeza kitu na kukipata papo hapo hamkuziona kompyuta ambazo mtu aliziwasha, akaenda kukamua ng'ombe, akarudi na kuzikuta bado zinafikiri. Mimi niliziona, na nilizihudumia hadi macho yakachoka. Darasani sikuingia hata siku moja. Baba yangu alisema ng'ombe hawajichungi, na ni kweli hawajichungi. Nilichuna majani ya chai katika shamba kubwa upande wa Kericho mpaka zilipoletwa mashine za kuchunia, tukaambiwa wanawake wengi turudi nyumbani. Kwa hiyo niliondolewa kazini na mashine, na baadaye nikalishwa na mashine. Sikulalamikia la kwanza wala la pili. Malalamiko hayakuwa na mnunuzi.

Aliyeniajiri ni Fundi Okello, mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, pale Kapkatet, mtu ambaye wazazi wake walikuja kutoka upande wa ziwa kufanya kazi kiwandani. Aliniajiri nifagie, kwa sababu vumbi la barabara lile likiingia ndani ya kompyuta hukaa humo kama mpangaji asiyetaka kuhama. Kilichonitoa kwenye ufagio ni masikio yangu. Siku moja nilisimama karibu na kompyuta ya mteja nikamwambia, "Fundi, hii inatafuna."

"Inatafuna nini, Mama Kipngeno?"

"Kama mzee mwenye meno machache aliyepewa mahindi makavu."

Fundi alicheka, akavuta kiti, akanifungulia picha ya rangi. Ilikuwa mistari myembamba iliyosimama wima, mingine nyekundu, mingine bluu, mingine ya kijani, na mahali pengine peupe. Akaniambia kwamba hiyo ndiyo sura ya diski, na nyekundu ni mafaili yaliyovunjika vipande, kipande kimoja huku na kingine kule, hivyo sindano ya diski hukimbia mchana kutwa kuyaokota. Akanieleza kwa lugha ya chai, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo.

"Ukipewa mistari yako yote ya kuchuna mahali pamoja, utafanyaje?"

"Nitachuna nimalize."

"Na ukipewa mmoja huku juu, mwingine kule mtoni, mwingine nyuma ya kambi?"

"Nitatembea kutwa na kikapu kitupu, na nyapara atanitukana."

"Basi hiyo ndiyo kompyuta ya huyu mtu. Sisi tunampangia mistari yake iwe pamoja."

Nikamwuliza mbona ile ya kijani haisogei hata rangi nyingine zikihama. Akasema hiyo ni mafaili ya mfumo, yale yanayoiendesha kompyuta yenyewe. "Huyo ndiye nyapara. Utamhamisha nyapara akiwa amesimama kazini?"

"Basi anahamishwa lini?"

"Kabla hajaamka."

Nimeyakumbuka maneno hayo maisha yangu yote. Ilikuwapo programu ya kufanya kazi hiyo wakati kompyuta inawaka, kabla mfumo haujafunguka. Wakati huo rangi hazikuonekana. Kilichoonekana ni maandishi meupe na namba iliyopanda polepole. Maandishi sikuyajua, ila tarakimu nilizijua kutoka kwenye mizani ya kituo cha majani, maana mchunaji asiyejua tarakimu huibiwa. Kwa hiyo Fundi alinikabidhi kazi ya kukaa na kungoja. Vijana wake hawakuiweza. Walikuwa wakiondoka kwenda kununua chapati, na nyapara anayehamishwa haachwi njiani. Stima ikikatika wakati mafaili ya mfumo yameshikwa mkononi, hayako yalikotoka wala hayajafika yanakokwenda, na kompyuta huamka haijui jina lake.

Ndiyo maana sisi wa huku tulikuwa na sheria ambayo fundi wa Nairobi angeicheka. Huku kwetu asubuhi ni ya watu na alasiri ni ya mvua. Radi za nchi hii ya chai mnazijua, na mvua ya mawe inavyoyachanachana majani mnaijua. Kwa hiyo kazi ya kupanga diski ilianza umande ukiwa bado haujakauka, na ilipofika saa ya chakula cha mchana hakuna aliyeruhusiwa kuanza nyingine, hata mteja awe nani. Mwalimu mmoja wa Sosiot alinisihi sana. Nikamwonyesha mlima. Akasema, "Kogo," yaani bibi, "mbona kuna wingu dogo tu?" Nikamwambia hata ng'ombe huanza akiwa ndama.

Sheria ya pili ilikuwa kwamba diski nzee haipandishwi pikipiki. Barabara zetu huitikisa mpaka inaharibika kabla ya kufika, halafu mwenye mali anasema imeharibiwa na fundi. Tulikwenda wenyewe nyumbani kwa watu. Huko niliona mambo. Mama mmoja alikataa kata kata tusizime kompyuta yake kwa sababu kuku alikuwa amelalia mayai nyuma yake, pale panapotoka joto. Nilimweleza kwamba mashine itakufa kwa manyoya. Akasema, "Mashine ni ya mzee wangu, lakini kuku ni wa mama mkwe." Tukarudi vifaranga walipoanguliwa.

Na sheria ya tatu, sikieni nyinyi mnaojiita mafundi leo: diski mpya hizi zisizo na sindano ndani hazipangwi. Zinachakaa bure. Kijana mmoja alinijia mwaka juzi akitaka nimfundishe kupanga, nikamkataza, akaniona mzee aliyesahau kazi. Kazi sijaisahau. Iliisha, na mtu mzima hujua kazi yake ilipoishia.

Yangu haikuishia hapo, hata hivyo. Yangu iliishia katika milima ya karibu na Roret, nyumbani kwa msichana aliyeitwa Chebet, na hilo ndilo lililonifanya nikuite leo, Cherono, ukae na mashine yako.

Chebet alizaliwa na mwili usiomtii. Shingo, miguu na mkono wa kushoto vilikwenda vilikotaka. Ulimi haukuunda neno. Kilichomtii ni kidole kimoja cha mkono wa kulia, na akili iliyokuwa nzima kuliko ya wengi waliomwonea huruma. Baba yake alimfundisha herufi nyumbani. Mgeni mmoja wa Kizungu aliyefanya kazi katika zahanati ya kanisa aliwaachia kompyuta yake nzee aliporudi kwao. Kulikuwa na programu ndani yake: Chebet akiandika, mashine inasema.

Sauti ilikuwa ya mwanamume wa Kizungu aliyekomaa. Watu walicheka sana siku za kwanza, na Chebet alicheka kuliko wote. Mashine ilijua Kiingereza tu, na Kiswahili na Kipsigis ilivitafuna. Basi akaifundisha, neno moja baada ya lingine, miaka na miaka, akiandika herufi za ajabu ambazo Fundi alipozisoma alitikisa kichwa, lakini zilipotoka zilisema sawasawa. Nilipofika kwao mara ya kwanza, mashine ilinisalimu "Chamgei, Kogo," kama mtu aliyezaliwa Bureti. Nami nisiyejua kusoma niliketi na kuzungumza na msichana yule juu ya ng'ombe, mvua na watu wa kanisani wanaosinzia. Aliona kila kitu kutoka dirishani kwake, na alikuwa na ulimi mkali. Ninamaanisha ule wa mashine.

Kisha kompyuta ikazeeka. Diski ilijaa, mafaili yakavunjika, na yale ya mfumo yakavunjika kuliko mengine. Chebet akiandika sentensi, ilikaa ikitafuna kabla ya kuisema. Kanisani "Amina" yake ilitoka watu wakiwa wameshaanza wimbo mwingine. Nyumbani mgeni alimwuliza hali, akanywa chai, akaaga, na jibu likamfuata mlangoni. Nanyi mjue kwamba watu wakizoea kutongoja jibu lako, baadaye huacha hata kuuliza.

Wakati huo ndipo mtamba wa nyumba hiyo, ng'ombe jike ambaye alikuwa hajazaa bado, alipoibwa alfajiri. Mchungaji wao alikuwa kijana aliyeitwa Ouma, aliyelala katika chumba kilichoshikana na zizi. Yeye pia watu wake walitoka upande wa ziwa. Hiyo ilitosha. Kabla jua halijawa kali, vijana wa mtaa walikuwa wamekwisha kusema ni Ouma aliyemfungulia mwizi. Lakini Chebet alikuwa macho dirishani. Alikuwa amemwona jirani yao, mzee wa heshima, akimtoa mtamba kwa kamba, na alikuwa ameona mlango wa Ouma ukiwa umefungwa kwa nje na kijiti, hivi kwamba aliyelala ndani asingeweza kutoka.

Wazee wa kijiji walikuja nyumbani kumsikiliza. Baba Chebet aliniambia walivyokaa. Chebet aliandika, mashine ikatafuna, wazee wakaangaliana, mashine ikasema, "Niliona," kisha ikaganda. Wakangoja. Yule jirani, aliyekuwa ameketi katikati yao, akasema, "Ameona nini, mvua?" Wakacheka, wakainuka. Lakini mmoja wao, mtu wa haki, alisema mashine hiyo wanaijua kutoka kanisani na haina undugu na mtu. Basi itengenezwe, na kikao kitakaa tena kesho kutwa. Ouma akawekwa chini ya ulinzi wa vijana, jambo ambalo kwetu maana yake ni kwamba alikuwa amekwisha kuhukumiwa ila fimbo zilikuwa hazijaanza.

Asubuhi iliyofuata Fundi na mimi tulikuwa Roret mapema. Mbingu zilikuwa safi. Fundi alinakili kwenye flashi kila faili aliloweza kuliona. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yale matamshi ambayo Chebet ameifundisha mashine, yeye hayaoni. Yamefichwa ndani kwa ndani, mahali mfumo unapoyajua. CD ya kurudishia programu hiyo aliondoka nayo yule mgeni. Siku hizi mnanakili diski nzima kabla ya kuigusa. Sisi hatukuwa na nyingine ya kulingana nayo, na ile betri ya kushikilia stima inapokatika ilikuwa imevimba na kufa, nyingine ikawa haijaletwa.

Fundi alitaka kuzungumza na baba. Nikamwambia, "Fundi, kompyuta ni ya nani?" Akanielewa. Tukamgeukia Chebet, tukamweleza yote: kwamba ikipona ataongea kama zamani, na kwamba ikifia njiani inaweza kwenda na kila neno alilolifundisha. Nikamwuliza kama anakubali tuizime. Alisogeza kidole. Diski ikatafuna. Jibu likaja vipande vipande.

"Nikinyamaza, wanamuua Ouma. Nikiongea hivi, pia wanamuua. Zimeni."

Baadaye kidogo ikaongeza, kwa sauti ile ile ya mzee wa Kizungu, "Kogo, kaa hapa."

Nilikaa. Fundi alimwuliza Baba Chebet, nami nikiwa ninasikia, ni vitu gani vinavyotumia stima katika nyumba. Baba Chebet alichomoa friji kwenye stima, akatoa redio, akatoa taa zote, akaenda hadi jikoni akang'oa birika. Akasema, "Nyumba yote iko kimya, Fundi. Hata nzi hana stima." Alisema kweli, kama sisi tunavyohesabu. Kwetu nyumba ni nyumba, na zizi ni zizi. Hakuna mtu ambaye ukimwuliza habari za nyumba yake atakutajia mahali ng'ombe wanapolala.

Rangi zilipangwa kwanza, na zikapangika vizuri. Nyekundu ilipungua, bluu ikaungana. Kisha ikaja sehemu ya nyapara. Kompyuta ilijizima na kujiwasha, maandishi meupe yakatokea, na namba ikaanza kupanda. Chebet alikuwa kando yangu katika kiti chake, akiitazama namba kama ninavyoitazama mimi. Baba Chebet alisimama mlangoni akilinda mbingu. Kila mara nilimwuliza, naye akajibu, "Bado kweupe." Wingu moja lilijitokeza upande wa Kericho likapita zake. Nakwambieni, sote watu wazima tuliokuwa pale tulikuwa tunaangalia juu.

Mama Chebet hakuwapo tulipofika. Alikuwa amepeleka majani kwenye kituo. Alirudi kwa njia ya nyuma, akaona pikipiki ya Fundi uani, akajua nyumba ina wageni. Mnajua adabu zetu. Mgeni aliyetoka mbali kuja kumsaidia mtoto wako haondoki mkono mtupu, na kitu cha heshima ni maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Ilikuwa mapema mno kwa kukamua tena, na ng'ombe hawezi kuachia maziwa akiwa hana kitu mdomoni. Mama yule alikwenda moja kwa moja zizini, akachukua mzigo wa nepia, zile nyasi ndefu za ng'ombe, akawasha mashine ya kuikatia.

Mashine ile ilikuwa na mota kubwa, na aliyewafungia stima alikuwa ameuvuta waya wake kutoka ndani ya nyumba hiyo hiyo ili asihangaike.

Nilisikia mngurumo nje. Namba ilikuwa imepita nusu. Kioo kikasinyaa, feni ya kompyuta ikashusha pumzi, na kila kitu kikawa cheusi. Kisha, kwa kuwa stima haikuwa imekwenda popote ila ilikuwa imenyonywa kwa muda, mashine ikajiwasha yenyewe. Ikaleta mistari miwili ya maandishi meupe juu kabisa, na alama ndogo inayopepesa. Sikuhitaji kuyasoma. Fundi aliyasoma, akavua kofia.

Nje mota iliendelea kunguruma. Hakuna aliyekwenda kuizima, kwa maana haikuwa na kitu kingine cha kuharibu.

Mama Chebet aliingia na jagi la maziwa yenye povu. "Kogo, karibu. Chukua hii, usiende hivyo hivyo." Akatuona tulivyo. "Kuna nini?"

Mumewe alimwuliza, "Umewasha ile mashine?"

"Sasa ng'ombe atatoa maziwa bila kula?"

Baba Chebet alimpisha mlangoni. Alitazama kompyuta, naye mkewe akaitazama, akaelewa, akaliweka jagi mezani.

Ndipo Chebet akaanza kuandika. Kompyuta imekufa, naye aliandika kwenye vibonye vile, herufi moja, nyingine, akipumzika kati ya maneno kama desturi yake. Aliandika kwa muda mrefu. Fundi alisimama nyuma yake akifuata kidole kwa macho. Alipomaliza, Fundi alisema, "Anasema Mama hakukosea. Anasema maziwa yasimwagike."

Tuliyanywa. Ni maziwa machungu kuliko yote niliyowahi kunywa, na nilimaliza kikombe, kwa sababu ningekiacha ningemwua mama yule mara ya pili.

Fundi alikaa na kompyuta hiyo mchana kutwa, na mvua ilikuja na kupita akiwa ameinamia. Aliifufua. Picha zilirudi, nyimbo za kanisa zilirudi. Sauti haikurudi, na kila kibonye kilipoguswa mashine iliganda. Kesho yake alibeba kompyuta nyingine kutoka saiba ili Chebet angalau aandike, na wazee wasome wenyewe. Yule jirani akasimama na kusema, "Mashine ya Okello imsemee Ouma? Ndugu atasema nini juu ya ndugu yake?" Kikao kikakubaliana naye. Fundi alikuwa amekaa Kapkatet tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na siku hiyo aliambiwa ametoka wapi.

Wakaleta kadibodi iliyoandikwa herufi. Mkono wa Chebet uliruka kwa hofu na kuchoka, kidole kikaanguka kati ya herufi na herufi, na asiyemzoea hakuweza kujua amekusudia ipi. Mwalimu mmoja wa kijiji alijaribu akashindwa. Baba yake alisoma vizuri, lakini yeye na jirani walikuwa na ugomvi wa siku nyingi, na jirani akauliza, kwa upole kabisa, "Huyo ni mtoto anaongea, ama ni wewe, Baba Chebet?"

Hapo ndipo ilipokwisha. Nanyi mlifikirie jambo hilo, mnaodhani mashine ni ya kurahisisha maisha tu. Ile sauti mbaya ya mzee wa Kizungu haikuwa na ukoo, haikuwa na shamba mpakani, na haikummalizia Chebet sentensi zake. Ilikuwa ndicho kinywa pekee katika kijiji kile ambacho hakingeweza kushukiwa.

Ouma aliambiwa aondoke kabla ya jua kutua. Vijana walimsindikiza na fimbo. Chumba chake cha kando ya zizi walikichoma, na Chebet aliona yote dirishani. Watu walisema alionekana stejini Roret, kwenye kituo cha magari, akishikilia jicho moja kwa shati. Wengine walisema hakufika stejini. Mtamba alionekana miezi mingi baadaye upande wa Bomet, kwa wakwe wa yule jirani, akiwa na ndama. Wazee walikutana, wakasema ni makosa, wakanywa chai. Hakuna aliyetumwa kumtafuta Ouma. Jirani angali anakaa benchi la mbele kanisani.

Fundi Okello alifunga saiba baada ya muda, akahamia mji mwingine. Siku ya kuaga aliniambia, "Mama Kipngeno, ukiingia boma la mtu, fuata waya kwa macho yako. Usiulize. Fuata mpaka kwa ng'ombe, mpaka kwa kuku." Huo ndio ujuzi wangu wa mwisho, na ninawaachia. Msiulize nyumba ina nini. Fuateni waya.

Miaka ikapita. Nilikwenda kumwona Chebet mara kwa mara. Alipoonyesha herufi kwenye kadibodi yake, mimi nilikuwa kama mtu anayetazama nyayo za ndege. Watu wa kwao walimsomea, na kila msomaji aliharakisha: akiona herufi mbili alimalizia neno, akiona neno alimalizia wazo. Nilimwona Chebet akifumba macho wakimsemea yale ambayo hakuyasema. Tukawa tunakaa tu, yeye na mimi, tukitazama zizi.

Mwezi uliopita, wewe Cherono ulisema simu yako ya zamani inaweza kusoma kwa sauti kile mtu anachoandika, na kwa Kiswahili. Nilikukemea kwa kutoniambia mapema, kisha tukaenda. Chebet sasa ni mwanamke mtu mzima. Sauti ya simu ni ya mwanamke, ya Kiswahili safi, ila majina ya kwetu inayakwaruza. Iliponisalimu, hata kuku wangecheka, na Chebet alicheka. Kisha akainama juu yake. Alikuwa akiandika, akisikiliza, akifuta, akibadilisha herufi, akisikiliza tena. Uliponyoosha mkono umsaidie nilikupiga kofi, nawe ulikasirika, na sikuomba radhi. Nilikuwa nimeona alichokuwa akifanya. Alikuwa akiifundisha neno la kwanza.

Alipolipata, simu ilisema, "Ouma." Ililisema kama ilivyosema ile mashine nzee.

Mama yake alikuwa ameingia na jagi la maziwa, maana wageni ni wageni. Akasimama mlangoni. Chebet aliendelea kuandika bila kutuangalia, na simu ikaniuliza, wazi, bila kutafuna, "Kogo, Ouma yuko wapi?"

Mimi nina ulimi usio na kasoro. Nimezitumia lugha tatu tangu utotoni. Mbele yangu simu ilikuwa imekaa mezani na taa yake inawaka, na mara hii mashine ndiyo iliyokuwa ikimngoja mtu.